Uzi: Kuunganisha programu za CAD na mfumo wa data za bidhaa, na kwa nini faili si kipuri

Mleta uzi

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Nimeombwa zaidi ya mara moja nieleze kwa kirefu namna programu za usanifu kwa kompyuta, yaani CAD, zinavyounganishwa na mifumo mikubwa ya kusimamia data za bidhaa, ile tunayoiita PDM au, ikipanuka hadi kubeba maisha yote ya bidhaa, PLM. Nimeifanya kazi hii kwa miaka mingi, kwanza nikiwa msanifu, kisha nikiwa msimamizi wa mfumo, na ninaandika kwa sababu naona kosa lilelile likirudiwa. Kampuni inanunua kiunganishi, yaani programu inayounganisha CAD na mfumo huo, inakisimika kwenye kompyuta za wasanifu, inawafundisha kwa siku mbili kubonyeza vitufe vya kuazima na kurudisha faili, na baada ya miezi michache wasanifu wanarudi kimyakimya kwenye folda ya pamoja. Mara nyingi kiunganishi chenyewe hakina kasoro. Hakuna aliyeketi kuamua ni nani mwenye kila taarifa, na uamuzi huo hauuzwi pamoja na programu.

Nianze na kisa kilichonifundisha mimi mwenyewe. Katika kiwanda kimoja nilichowahi kufanyia kazi tulikuwa na flenji ya pampu yenye matundu sita ya bolti. Mchoro wake ulikuwa umeidhinishwa kwa rivisheni C, yaani herufi ya toleo lililoidhinishwa, na kufungwa, hakuna awezaye kuubadilisha. Wiki kadhaa baadaye msanifu mwingine aliiazima modeli ya flenji hiyo kwa ajili ya pampu kubwa zaidi, akaongeza matundu yakawa manane, akairudisha hazinani, yaani kwenye ghala la mafaili la mfumo, ikiwa bado katika hali ya kufanyiwa kazi. Karakana ilipoomba nakala ya mchoro, mtu aliufungua ndani ya CAD akauchapisha. Karatasi iliyotoka ilikuwa na herufi C, jina la aliyeidhinisha, tarehe ya idhini, na matundu manane. Fundi alitoboa kama alivyoonyeshwa. Kwenye meza ya kuunganisha, flenji ya matundu manane ilikutana na mwili wa pampu wenye matundu sita, na ukizizungusha utakavyo, matundu yanayolingana ni mawili tu, moja likitazamana na jingine.

Kila mtu alitafuta wa kulaumiwa, ilhali hakuna aliyevunja utaratibu wowote. Mchoro wa CAD haufanani na picha iliyokwisha kupigwa, kwa kuwa kila unapofunguliwa hukokotolewa upya kutoka kwenye modeli. Sisi tulikuwa tumefunga faili la mchoro tukaiacha modeli wazi, na kanuni ya kufungulia mafaili ilikuwa imewekwa kwamba kila mzazi, yaani faili linalotegemea mengine, alete toleo la karibuni la watoto wake, yaani mafaili analoyategemea. Programu ilifanya kile tulichoiagiza, na alama ya idhini ikabaki juu ya kitu ambacho hakuna aliyekiidhinisha.

Tangu siku hiyo ninashika mambo mawili bila kulegeza. La kwanza ni kwamba mchoro na modeli yake huidhinishwa pamoja, au mchoro hauidhinishwi kabisa. La pili ni kwamba wakati wa idhini mfumo utengeneze nakala tulivu ya PDF, na karakana isome hiyo, isifungue faili la CAD kamwe.

---

Mleta uzi (inaendelea)

Ili kuelewa kwa nini uunganishaji huu ni mgumu kuliko kuhifadhi nyaraka za kawaida, inabidi tutazame faili la CAD lina nini ndani yake. Barua ni faili moja linalojitegemea. Mkusanyiko wa CAD, yaani faili linaloonyesha vipuri vikiwa vimeunganishwa pamoja, kwa upande mwingine karibu hauna umbo lolote ndani yake: una orodha ya viungo kwenda kwenye mafaili mengine, mahali kila kipuri kilipowekwa, na masharti yanayokishikilia hapo. Ukiuhamisha peke yake umehamisha ganda. Watoto wake wana watoto wao, na wakati mwingine kipuri kimoja kimechorwa kwa kufuata ukingo wa kipuri jirani, hivyo kinamtegemea jirani ambaye hata hayumo katika orodha ya watoto wake. Viungo vya aina hii ndivyo vinavyosumbua zaidi, kwa sababu havionekani kwenye mti wa mkusanyiko hadi siku vinapokatika.

Viungo hivyo kwa desturi hushikwa kwa jina la faili, pengine pamoja na njia ya folda. Katika SolidWorks, mojawapo ya programu za CAD, huwezi kufungua kwa wakati mmoja mafaili mawili tofauti yenye jina moja, hata kama yako katika folda mbili. Katika Creo, ambayo wakongwe wanaijua kwa jina la Pro/ENGINEER, kilichomo tayari katika kumbukumbu ya kikao ndicho kinachochukuliwa. Umefungua asubuhi kifuniko cha mradi mmoja, mchana ukafungua mkusanyiko wa mradi mwingine wenye kifuniko cha jina hilohilo, na programu inakuwekea kile cha asubuhi. Creo pia huongeza tarakimu mwishoni mwa jina kila unapohifadhi, prt.1, prt.2, prt.3, ili matoleo ya zamani yabaki kwenye diski. Mtu asiyelijua hilo akinakili folda nzima kwenda hazinani anaweza kuingiza historia ya miaka mitano kana kwamba ni vipuri tofauti.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ya kiunganishi, kabla ya idhini na mtiririko wa kazi na mengine yanayopendeza kwenye maonyesho ya wauzaji, ni kuvifahamu viungo hivi vyote, kuviandika katika hifadhidata, na kuhakikisha kwamba faili likibadilishwa jina, wazazi wake wote wanaambiwa. Hapo ndipo ninapompima muuzaji. Ninamwomba abadilishe jina la kipuri kimoja kinachotumika katika mikusanyiko kumi, kisha nifungue mkusanyiko wa kumi katika kompyuta ambayo haijawahi kuuona. Mengine tunazungumza baadaye.

---

Mchangiaji wa kwanza

Ndugu mleta uzi, nashukuru sana kwa somo hili. Swali langu ni kuhusu majina yenyewe. Msimamizi wetu ameamuru kila faili liitwe kwa namba tupu inayotolewa na mfumo, na wasanifu wanapinga kwa hoja kwamba wakiona namba hawajui ni kifuniko au ni mhimili. Isitoshe, tumezoea namba zenye maana, ambapo tarakimu mbili za mwanzo zinaonyesha aina ya bidhaa. Nani yuko sahihi?

---

Mleta uzi

Ndugu yangu, msimamizi wenu yuko sahihi kuhusu namba, na wasanifu wenu wako sahihi kwamba binadamu hawezi kufanya kazi kwa kutazama tarakimu tupu. Mambo haya mawili yanaweza kukaa pamoja: namba iwe ndiyo kitambulisho, na maelezo ya kipuri yawe sifa inayoonyeshwa kando ya namba katika mti wa mkusanyiko. Viunganishi vingi vina mpangilio wa kuonyesha hivyo. Wasanifu wakipewa kuona "kifuniko cha mwisho, upande wa injini" pembeni ya namba, upinzani wao hupungua sana.

Kuhusu namba zenye maana, ninaelewa mapenzi ya watu kwao, kwani hata mimi nilizipenda. Tatizo ni kwamba maana hubadilika ilhali namba haibadiliki. Kipuri kilichozaliwa katika familia ya pampu huja kutumika katika kompresa, na tarakimu zake za mwanzo zinaanza kusema uongo. Kisha familia inajaa, vipuri vinafika 9999, na mtu analazimika kubuni herufi ya ziada ambayo mifumo mingine haiijui.

Lakini ninaomba tuende ndani zaidi ya majina, kwa sababu hapa ndipo penye kiini cha uzi wote. Faili si kipuri. Kipuri ni kitu ambacho kampuni inakinunua, inakitengeneza, inakihesabu bohari na kukibadilisha kwa mteja. Faili ni mojawapo ya maelezo yake. Kipuri kimoja kinaweza kuwa na modeli, mchoro, hesabu za uimara, na PDF, yote yakiwa mafaili tofauti ya kitu kimoja. Kwa upande wa pili, faili moja linaweza kubeba vipuri vingi: modeli ya bolti yenye jedwali la urefu, kutoka milimita 20 hadi 120, ni faili moja lakini bohari ina kisanduku tofauti kwa kila urefu, na kila kisanduku kina namba yake. Tena kuna vipuri visivyo na faili kabisa. Gundi, rangi, grisi na mafuta havichorwi na mtu yeyote, ila bidhaa haiondoki kiwandani bila hivyo.

Mfumo uliounganishwa kwa kudhani kwamba faili moja ni sawa na namba moja ya kipuri utakwenda vizuri kwa miezi ya kwanza, hasa ikiwa mmeanza na vipuri vya kukereza vilivyo rahisi. Utakwama siku ya kufika kwenye jedwali la bolti, na siku ya kufika kwenye gundi. Nimeona watu wakichora mchemraba mdogo wa uongo na kuuita gundi ili tu uingie katika orodha ya vipuri, kisha uzito wa mchemraba huo ukaingia katika uzito wa mashine.

Ukitenganisha kipuri na faili, hata suala la rivisheni linakaa sawa. Kanuni ya zamani ya wahandisi inauliza kuhusu umbo, mkao na kazi: je, kipuri kipya kinaweza kuwekwa mahali pa cha zamani bila mtu kujali ni kipi amekishika? Kama ndiyo, pandisha rivisheni. Kama hapana, toa namba mpya. Ile flenji yangu ya matundu manane haikustahili hata kuitwa rivisheni D, kwa sababu ilikuwa kipuri kingine kilichozaliwa ndani ya faili la mwenzake. Mfumo ambao namba ya kipuri ni jina la faili haumpi msanifu nafasi ya kujiuliza swali hilo, kwa sababu njia iliyo nyepesi kwake ni kufungua faili na kulibadilisha.

Neno dogo la nyongeza kuhusu herufi za rivisheni. Kiwango cha ASME Y14.35 hakitumii herufi I, O, Q, S, X na Z, ili zisichanganywe na tarakimu au herufi nyingine. Mifumo mingi ikisimikwa bila kuguswa huhesabu alfabeti yote, hivyo baada ya H inakuja I. Kama michoro yenu inafuata kiwango hicho, rekebisheni mfuatano huo kabla ya faili la kwanza kuingia, maana baadaye ni vigumu mno.

---

Mchangiaji wa pili

Mimi sitoki upande wa usanifu, ninasimamia mfumo wa mipango ya uzalishaji, yaani ERP. Malalamiko yetu ni kwamba orodha za vipuri zinazotoka CAD haziwezi kutumika kama zilivyo. Tunaletewa vitu visivyonunuliwa, tunakosa vitu vinavyohitajika, na vipimo havieleweki. Wasanifu wanatuambia orodha yao ni sahihi. Je, uunganishaji wa moja kwa moja kutoka CAD hadi ERP unawezekana kweli?

---

Mleta uzi

Karibu sana, kwa sababu uzi huu ungekuwa pungufu bila mtu wa upande wako.

Wasanifu wanasema kweli na nanyi mnasema kweli, kwani hizo ni orodha mbili tofauti zinazoitwa kwa jina moja. Orodha ya usanifu inafuata jinsi bidhaa inavyofikiriwa: mfumo wa kupoza, mfumo wa kuendesha, fremu. Orodha ya uzalishaji inafuata jinsi bidhaa inavyounganishwa mezani, kituo baada ya kituo. Mipira ya kuzuia uvujaji ambayo msanifu ameitawanya katika mikusanyiko sita, karakana inaichukua kwa mkupuo katika kituo kimoja. Fremu ambayo msanifu ameichora kama kitu kimoja, kwenu ni vyuma saba vya kukata na kazi ya kuchomelea. Kwa hiyo kuhamisha orodha moja kwa moja kutoka CAD kwenda ERP kunawezekana kiufundi, na nimeona kukifanyika, lakini ninakushauri usikubali isipokuwa kwa bidhaa rahisi sana. Orodha ya usanifu iingie PDM kwanza, mtu wa uzalishaji aijenge upya kuwa orodha yake, na mfumo ushikilie uhusiano kati ya mistari ya orodha hizo mbili ili badiliko upande mmoja lipige kengele upande wa pili.

Kabla ya hapo kuna usafi wa kufanywa ndani ya CAD yenyewe. Vipuri vilivyozimwa kwa muda vihesabiwe au visihesabiwe? Jengo la mteja lililochorwa ili kuonyesha nafasi ya mashine liingie kwenye orodha? Kebo imechorwa kama mstari mmoja, na CAD inahesabu "1", ilhali ERP inaihesabu kwa mita. Kila moja ya hizi inahitaji alama katika modeli na kanuni katika kiunganishi. Ninasisitiza hili la kipimo: namba isiyo na kipimo chake isivuke mpaka wa mifumo miwili. Chombo cha anga cha Marekani, Mars Climate Orbiter, kilipotea mwaka 1999 kwa sababu programu moja ilitoa msukumo kwa pauni-sekunde na iliyoupokea ilidhani ni niutoni-sekunde. Uzito wa kipuri unaotoka CAD kwa gramu na kusomwa ERP kwa kilo ni ndugu wa kosa hilo, ingawa madhara yake huishia kwenye gharama za usafirishaji.

Halafu kuna namba zenyewe. SAP, mfumo wa ERP unaotumika sana, kwa miaka mingi iliruhusu herufi 18 katika namba ya kipuri, na katika toleo lake jipya la S/4HANA zikaongezwa hadi 40. Kama CAD yenu inatoa majina marefu kuliko mlivyoruhusu, mtu ataanza kufupisha kwa mkono. Sifuri za mwanzo nazo ni mtihani. Namba 000451 ikipita katika jedwali la Excel inakuwa 451, inarudi ERP kama kipuri kipya, na mnakuwa na bohari mbili za kitu kimoja. Ukiona kuna Excel katikati ya mifumo yenu, jua kwamba uunganishaji bado haujakamilika, hata kama ripoti ya mradi inasema umekamilika.

---

Mchangiaji wa tatu

Ndugu mleta uzi, ulisema mwanzoni kwamba lazima ijulikane nani mwenye kila taarifa. Tafadhali fafanua kwa mfano, hasa kuhusu kisanduku cha maelezo cha mchoro, kwa sababu kwetu herufi ya rivisheni kwenye PDF na ile iliyo kwenye mfumo hazilingani mara kwa mara.

---

Mleta uzi

Swali zuri, na tatizo lako ninalijua kwa sura.

Kila sifa iwe na upande mmoja tu unaoiandika, na upande wa pili uisome. Namba ya kipuri inazaliwa PDM na CAD inaipokea. Rivisheni, hali ya idhini, jina la aliyeidhinisha na tarehe vivyo hivyo, na katika kisanduku cha mchoro sehemu hizo zifungwe ili mkono wa msanifu usizifikie. Uzito, ujazo na eneo la uso vinazaliwa CAD, kwa sababu ni CAD pekee inayoweza kuvikokotoa. Malighafi ina ugumu wake: msanifu ndiye anayeichagua, lakini aichague katika orodha inayotunzwa PDM, asiandike mwenyewe, la sivyo mtakuwa na chuma kimoja chenye tahajia tano. Viunganishi vingi vinakupa uwezo wa kuandika pande zote mbili kwa sifa yoyote ile. Ninawasihi msiutumie. Nimewahi kukuta maelezo ya kipuri yanayobadilika kila faili linapofunguliwa na kufungwa, kwa sababu kila upande ulikuwa ukimsahihisha mwenzake.

Sasa kuhusu PDF yenu. Nina hakika kubwa kwamba mpangilio wa hatua umegeuzwa. Mtiririko wa idhini unapofika mwisho, kuna mambo matatu ya kufanyika: rivisheni ipandishwe katika hifadhidata, herufi mpya iandikwe ndani ya faili la mchoro, kisha mchoro ufunguliwe, ukokotolewe upya na kutolewa kama PDF. Mkitoa PDF kwanza, itatoka na B huku mfumo ukisema C. Na hata mpangilio ukiwa sahihi, angalieni kama hatua ya tatu inasubiri ya pili ikamilike. Kazi ya kutoa PDF kwa kawaida hutumwa kwenye foleni ya kompyuta nyingine, na foleni hiyo ikiwa nyepesi kuliko uandishi wa sifa, PDF itatangulia. Fungueni kumbukumbu za matukio za mchoro mmoja wenye kasoro, linganisheni saa za matukio hayo matatu, mtaiona.

---

Mchangiaji wa nne

Sisi tuna ofisi mbili zilizo mbali sana, hazina iko kwenye ofisi kuu, na ofisi ya pili inalalamika kwamba kufungua mkusanyiko mkubwa kunachukua zaidi ya saa nzima. Tuliongeza uwezo wa intaneti mara nne bila nafuu yoyote. Pia ofisi hizo zinatumia matoleo tofauti ya CAD. Tufanye nini?

---

Mleta uzi

Hesabu hii itakuonyesha kwa nini fedha ya intaneti haikusaidia. Chukua mkusanyiko wa mafaili 3,000, na tuseme kiunganishi kinaiuliza seva maswali 10 kwa kila faili: ni toleo gani la karibuni, nani ameliazima, sifa zake ni zipi, na kadhalika. Kama swali moja linakwenda na kurudi kwa sekunde 0.2, jumla ni sekunde 6,000, yaani dakika 100, kabla hata ya faili moja kupakuliwa. Bomba pana halifupishi safari ya kila swali. Kinachosaidia ni seva ya nakala iliyo karibu na ofisi ya pili, nakala za ndani kwenye kompyuta za wasanifu, na kiunganishi kinachouliza maswali kwa mafungu. Kwa wale wanaotazama tu bila kuchora, wapewe umbo jepesi kama JT, ambalo ni kiwango cha ISO 14306, wasilazimike kuburuta mafaili mazito.

Suala la matoleo mawili ya CAD linanitia wasiwasi zaidi kuliko kasi. Faili likishahifadhiwa na toleo jipya, kwa kawaida toleo la zamani haliwezi kulifungua, na kipuri kimoja cha pamoja kikihifadhiwa na ofisi yenye toleo jipya kinaifungia mlango ofisi ya pili katika kila mkusanyiko unaokitumia. Mfano mkubwa kabisa unaojulikana ni wa ndege ya Airbus A380. Timu za Ujerumani na Hispania zilitumia programu ya CAD ya CATIA V4, zile za Ufaransa na Uingereza CATIA V5, na mabadiliko ya miundo hayakuvuka mpaka huo sawasawa. Ndege hiyo ina nyaya za takriban kilomita 530. Zilipofika kwenye uunganishaji wa mwisho Toulouse, nyingine hazikutosha kuzunguka kona zilizotakiwa kuzizunguka. Mwaka 2006 Airbus ilitangaza ucheleweshaji zaidi ya mara moja, na ndege ya kwanza ikakabidhiwa Oktoba 2007. Ninaupenda mfano huu kwa sababu pande zote mbili zilitumia programu ya mtengenezaji mmoja. Watu hudhani jina moja kwenye boksi linatosha.

Kwa ofisi zenu, wekeni tarehe moja ya kupanda toleo, na kabla yake hakikisheni CAD, kiunganishi na seva vyote vitatu vinakubaliana, maana kiunganishi hutegemea toleo mahususi la CAD na mara nyingi huchelewa kutoka. Msitegemee kubadilishana kwa STEP kama suluhisho la kila siku. STEP, yaani ISO 10303 iliyoanza kuchapishwa mwaka 1994, ni nzuri kwa kupeana maumbo na wasambazaji na kwa kuhifadhi muda mrefu, na AP242 ya mwaka 2014 inabeba hata vipimo na uvumilivu wake, yaani kiasi cha kosa kinachoruhusiwa, ndani ya modeli. Lakini historia ya jinsi modeli ilivyojengwa, ile inayomwezesha msanifu kubadilisha kipenyo kimoja na vingine vikafuata, kwa kawaida haivuki.

---

Mchangiaji wa kwanza

Swali langu la mwisho, ndugu mleta uzi. Tuna folda ya pamoja yenye mafaili zaidi ya laki mbili, ya miaka mingi. Tuyaingize yote?

---

Mleta uzi

Hapana. Ingizeni bidhaa ambazo bado zinauzwa au zinahudumiwa, na folda ya zamani muifunge isiandikwe, ibaki kusomwa tu. Kitu cha zamani kitaingia siku kitakapohitajika, kikikaguliwa kwanza.

Kwa yale mtakayoingiza, tengenezeni kwanza orodha mbili kwa kulinganisha alama ya maudhui ya kila faili, yaani namba inayokokotolewa kutoka kwenye yaliyomo ndani yake. Orodha ya kwanza ni ya mafaili yenye jina moja na maudhui tofauti, na hizo ndizo hatari kubwa, kwa sababu hazina itakubali moja tu na mikusanyiko ya lile jingine itapata mtoto asiye wake. Orodha ya pili ni ya maudhui yaleyale chini ya majina tofauti, ambayo mengi ni bolti na nati zilizonakiliwa katika kila mradi. Ya kwanza inahitaji msanifu anayeifahamu bidhaa akae na kuamua kimoja kimoja. Hakuna programu itakayowafanyia hilo, na wiki mtakazotumia hapo ndizo wiki muhimu kuliko zote katika mradi. Kisha ingizeni kuanzia vipuri vya chini kabisa kwenda juu, ili kila mzazi anapofika awakute watoto wake wapo. Fanyeni jaribio zima, futeni, fanyeni tena, hadi mara mbili mfululizo zitoe matokeo yaleyale.

Na jaribio la kuthibitisha ni hili. Chukueni kompyuta ambayo haijawahi kufungua bidhaa zenu, isiyo na njia ya kufikia ile folda ya zamani. Fungueni mkusanyiko wa juu kabisa kutoka hazinani. Kama kuna kipuri kinachokosekana, kiungo hicho kilikuwa kinaishi kwenye folda au kwenye diski ya mtu. Linganisheni uzito wa jumla na uzito ulioandikwa kabla ya kuhama, kisha fungueni michoro 20 iliyoidhinishwa, muweke kila mmoja kando ya PDF yake ya zamani, na mhesabu matundu.